Spika tano, sabufa moja, na stendi nusura nizirudishe

Nianze na stendi, maana ndizo zilizonitoa jasho. Spika zilitoka kwenye boksi zikiwa kamili, unaunga waya na zinaimba. Stendi zilikuja vipande vipande: nguzo nne za chuma, vitako vinne, mabamba manne ya kuwekea spika, mfuko wa skrubu, kispana kimoja cha L, na karatasi ya maelekezo isiyo na hata neno moja, michoro mitupu. Skrubu zilikuwa za urefu wa aina mbili na kwenye mchoro zote zinafanana. Nilianza na fupi. Stendi mbili zikasimama vizuri machoni, lakini ukizigusa kwa kidole zinaitikia. Nikazifungua, nikaanza upya na zile ndefu. Jioni ya kwanza ikaishia hapo, na kiganja kina alama ya kispana.

Sababu ya kununua vyote hivi ni mama yangu. Akija kututembelea anapenda kukaa nasi kutazama filamu, na kila baada ya dakika tano anauliza, "Hawa wananong'ona nini?" Tukiongeza sauti, wanaozungumza wanasikika, halafu gari linalipuka na mtoto anaamka chumbani. Spika za televisheni nyembamba ni vidude vidogo vinavyoelekea chini au nyuma, mazungumzo yanafika sikioni yakiwa yameshagonga ukuta. Nikachukua seti ya spika tano na sabufa moja, yaani spika ya sauti nzito tu, na stendi nne kutoka kwa muuzaji mwingine. Spika ya kati haina stendi, inakaa kwenye kabati chini ya televisheni.

Stendi zina urefu wa sentimita 60. Nilipima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi sikioni nikiwa nimekaa kwenye sofa: sentimita 96. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba, twita, inatakiwa iwe karibu na usawa wa sikio, kwa sababu sauti za juu husafiri kwa mstari ulionyooka na ukitoka kwenye njia yake zinafifia. Kwangu twita zilifika sentimita 90. Nikaweka vipande vya raba chini ya ukingo wa mbele wa spika ili ziinue uso kidogo. Ile ya kati, kwa kuwa iko chini zaidi, nikaiinua zaidi.

Nguzo za stendi hizi ziko wazi ndani, na hilo ndilo lililofanya nisizirudishe. Ukiigonga tupu inalia kama kengele. Nilikausha mchanga juani siku mbili, nikauchekecha, nikaumimina kwa karatasi niliyoikunja hadi theluthi mbili ya nguzo. Sasa ukiigonga inajibu *du*, basi. Uzito umeshuka chini, na mtoto wangu wa miaka minne ameshajigonga kwenye mojawapo mara mbili bila kitu kuanguka. Ukitaka kufanya hivi usitumie mchanga wenye unyevu, chuma kitaoza kwa ndani.

Kwenye miiba ya chuma inayosimamisha vitako ndipo nina malalamiko. Kwenye zulia miiba hupenya na kushika sakafu, lakini kwenye vigae inakwaruza, kwa hiyo kila mwiba unahitaji kisahani chake. Miiba ilikuja 16, visahani 12. Muuzaji alijibu ujumbe wangu baada ya siku tisa. Alivileta, sawa, lakini siku tisa stendi moja ilikaa juu ya vizibo vya chupa.

Kupanga nafasi nilitumia kamba. Nilifunga ncha moja kwenye kiti cha katikati nikavuta hadi spika ya kushoto, mita 2.6, kisha urefu huohuo hadi ya kulia, na kati ya spika hizo mbili tena mita 2.6. Pembetatu yenye pande sawa, kila spika ikiwa nyuzi 30 kutoka katikati. Zile mbili za pembeni zinatakiwa kukaa ubavuni, nyuma kidogo ya kichwa, na sofa yetu ilikuwa imeegemea ukuta. Nikaivuta nusu mita. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Sasa tutapitia wapi?" Tulikubaliana sentimita 35.

Nilipowasha, sauti ilikuwa ya ovyo. Muziki mwembamba, mwimbaji hajulikani yuko wapi, besi hakuna. Nilishaanza kuilaani seti nzima. Kumbe kwenye spika ya kushoto nilibadilisha waya: chanya kwenye tundu jeusi, hasi kwenye jekundu. Ikiwa hivyo, koni moja, ule uso wa spika unaotikisika, inasukuma hewa wakati nyenzake inavuta, na sauti nzito zinauana zenyewe. Nikageuza waya, mwimbaji akarudi katikati. Kosa langu, ingawa waya uliokuja kwenye boksi ulikuwa na mstari hafifu mno kwenye upande mmoja, unauona kwa tochi tu.

Sabufa ina siri yake, na inachekesha. Unaiweka pale utakapokaa wewe, juu ya sofa, unapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha unatambaa kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika sawasawa, hapo ndipo pa kuiweka. Mtoto alitambaa nyuma yangu raundi nzima. Kwenye kona ilinguruma kila noti kwa nguvu ileile, radi mfululizo. Ilitulia mbele, theluthi moja ya urefu wa ukuta.

Maikrofoni ya risiva, kile kifaa kinachoziendesha spika zote, ilipima iliyobaki, ikafanya mambo mawili ya kushangaza. Iliandika sabufa iko mita 4.1, nami nilijua ni 2.9. Usiirekebishe, inahesabu pia ule ucheleweshaji mdogo wa saketi za ndani ya sabufa. La pili nililibadilisha: iliziita spika za mbele "kubwa" na kuzipa besi yote. Nikaziweka "ndogo" na mpaka kwenye hezi 80, yaani sauti nzito zilizo chini ya hapo ni kazi ya sabufa. Spika zikapumua.

Sauti yenyewe? Mazungumzo ni safi kabisa, na hicho ndicho nilicholipia. Mvua kwenye filamu inanyesha nyuma ya sofa. Ukipandisha sana, hizi spika ndogo zinaanza kupiga kelele badala ya kuimba, kwa hiyo kwa ukumbi mkubwa sizipendekezi. Vishikio vya waya ni vya kubana kwa springi na waya mnene hauingii. Sabufa nayo ina tabia ya kulala yenyewe filamu ikiwa kimya, halafu inaamka nusu sekunde baada ya mlipuko. Kuna swichi nyuma, iweke kwenye "washa" moja kwa moja. Taa yake ya buluu inamulika sebule nzima usiku. Nimeibandika tepu nyeusi.

Spika nazipa nne kati ya tano. Stendi tatu na nusu kama zilivyokuja, nne na nusu zikiwa na mchanga.

Mama alikuja wiki iliyopita. Katikati ya filamu akasema, "Punguza kidogo, mwanangu, nawasikia." Alikuwa amekaa kiti cha katikati, kile nilichokipimia kamba. Mimi nilikuwa pembeni, spika ya kulia ikininong'oneza sikioni.