Sampula ipi ununue? Anza na swali la umeme

Kama laptopu yako bado inafungua FL Studio, programu ya kutengeneza biti, bila kukoroma, huhitaji sampula, yaani mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvipiga kama ala. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza wanadhani biti zao zitanona wakishika mashine. Muziki wa singeli umetoka uswahilini Dar es Salaam ukafika majukwaa ya Ulaya, na waliotengeneza biti zile wengi walikuwa na kompyuta ya kawaida na vipande vya taarabu vilivyozungushwa kwa kasi ya kutisha. Mashine haikuwepo, masikio yalikuwepo.

Sampula ni ya mtu aliyechoka kutazama skrini na kushika mausi. Unarekodi mwangwi wa kinu, honi ya daladala au kipande cha santuri ya mzee, unakikatakata, unavitandaza vipande hivyo, ndizo sampuli, kwenye pedi, halafu unapiga kwa vidole. Ukishaizoea, kompyuta unaiwasha siku ya kuchanganya na kumalizia tu.

Watu huanza kwa kuuliza ukubwa wa kumbukumbu. Mimi nakuuliza kwanza: utapigia wapi, na umeme ukikatika inakuwaje? Nimewahi kupoteza biti ya saa mbili kwa sababu mtaa mzima ulizimika nikiwa sijahifadhi. Tangu siku hiyo orodha yangu huanza na betri. Kumbukumbu isikutishe. Sampula ya MPC60 ya mwaka 1988, aliyoibuni mhandisi Roger Linn pamoja na kampuni ya Akai, ilitoka kiwandani na nafasi ya sekunde 13 hivi za sauti, na watu wakajenga hip hop juu yake.

Namba moja kwangu ni Roland SP-404 MKII, ya mwaka 2021. Inakula betri sita za AA, au unaichomeka kwenye powabenki kwa waya wa USB-C na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ina pedi 16 na moja ya ziada, na hifadhi ya ndani ya GB 16, ambayo kwa sampuli fupi fupi utaijaza uzeeni. Lakini kilichonimaliza ni kitu kimoja: hata kama hujabonyeza kurekodi, inakumbuka sekunde 20 na ushei zilizopita. Umechezea pedi bila mpango, umegusa efekti, kikatokea kitu ambacho huwezi kukirudia. Unabonyeza kitufe kimoja na kile kitu kinakuwa sampuli. Kwa mtu anayepata mawazo akiwa anachezacheza, hicho kitufe peke yake kina thamani ya nusu ya bei. Efekti zake ndizo zilizoifanya familia hii ya 404 ipendwe tangu 2005, hasa ile inayofanya sauti iwe kama inatoka kwenye santuri iliyochakaa.

Ubaya wake? Kupanga wimbo mzima ndani yake ni kazi ya subira. Vitufe vingi vina kazi mbili tatu, na wiki ya kwanza utatamani kuirusha dirishani. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 500 hivi, kabla ya usafiri na ushuru, na hivyo viwili vihesabu mapema.

Kama unataka kuanza na kumaliza wimbo bila kompyuta, namba mbili itakufaa kuliko namba moja: Akai MPC One+. Ina skrini ya kugusa ya inchi 7, pedi 16 pana, sinthi (ala za kielektroniki) za ndani, na uwezo wa kunyoosha au kubana sampuli bila kubadilisha noti yake. Kwa mtu wa singeli hilo la mwisho ni kubwa, kwani kasi ya muziki huo hufika midundo 300 kwa dakika. Tatizo ni lile lile la swali langu la kwanza: haina betri. Umeme ukienda, imeenda. Ukiwa na inveta nyumbani, sahau nilichosema, hata ningeipandisha juu. Asiye na inveta lakini mwenye pesa aitazame MPC Live II, ambayo ina betri yake ya kuchaji na spika ndani. Ni nzito kuibeba begani kutwa, ila inabebeka.

Namba tatu ni ya mfuko mwepesi. EP-133 K.O. II ya Teenage Engineering ilitoka 2023 kwa dola 299. Ina sura ya kikokotoo cha dukani, inakula betri nne za AAA, ina maiki na spika ndani, na mtu asiyejua chochote anapata mdundo ndani ya dakika kumi. Zile za kwanza zina kumbukumbu ya MB 64, ndogo kwa viwango vya leo. Mimi naona udogo huo ni dawa: unalazimika kuchagua. Ila usiitegemee kubeba shoo ya saa nzima.

Digitakt II ya Elektron, kampuni ya Gothenburg kule Sweden, nimeiweka ya nne, na wenye nayo watanikasirikia. Kwa kupanga midundo ni bingwa: njia 16 za sauti zinazokwenda sambamba, mdundo wa hadi hatua 128, na kila hatua unaweza kuipa sampuli, noti au efekti yake tofauti. Anayetengeneza tekno asinisikilize, aende nayo moja kwa moja. Lakini vitufe vyake havisikii uzito wa kidole, haina betri, na ilitoka 2024 kwa dola 999. Mtu aliyekulia kupiga ngoma kwa mkono atajiona anajaza fomu.

Ya kuangalia mara mbili kabla hujalipa ni Korg Volca Sample. Bei yake inavutia na betri inatumia, ila hairekodi yenyewe. Sampuli unaziingiza kutoka simu au kompyuta. Wengi huligundua hilo wakishafungua boksi.

Kuhusu mitumba: MPC2000XL, sampula za zamani za Akai, bado zinazunguka, na sauti yake ina wapenzi wake. Soma maandishi ya nyuma kabla hujachomeka. Za soko la Japani ni za volti 100 na za Marekani 120, wakati ukuta wako unatoa 230 au 240, kwa hiyo bila transfoma utasikia harufu ya kuungua kabla hujasikia mdundo. Wengi wanasahau pia kuwa mashine hizo zilizaliwa enzi za disketi, na disketi nzuri leo ni za kutafuta kwa tochi. Ukienda kuikagua, beba hedifoni zako. Piga kila pedi taratibu mara kumi, halafu kwa nguvu, ukisikiliza kama sauti inapanda na kidole. Pedi mbili zikikataa, punguza bei. Zikikataa sita, rudisha hedifoni mfukoni uage vizuri.