Kupima tiroidi Bukavu: labo, chumvi na zile chupa za "dawa ya tezi"

Niseme mapema: katika vyote nilivyolipia kwa ajili ya tezi ya shingo hapa Bukavu, kilichostahili pesa ni vipimo viwili vya damu, TSH (homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ifanye kazi) na T4 huru (homoni inayotolewa na tezi yenyewe), vikiwa na namba zake. Chupa ya "dawa ya tezi" niliyouziwa pembeni haikustahili hata nauli ya kuifuata.

Labo ya kwanza ilitumia kaseti, ile ya mistari miwili kama ya kupimia mimba. Jibu: "chanya", na muhuri. Kaseti hizi kwa kawaida huonyesha tu kwamba TSH imepita 5. Kama imefika 6 au 60, hazisemi, na T4 hazigusi kabisa. Daktari akikuanzishia vidonge kwa karatasi ya namna hiyo, baada ya miezi miwili hatakuwa na cha kulinganisha nacho. Kabla hujatoa dola zako, uliza: mnatoa namba, au mnaandika chanya na hasi tu? Wakisitasita, ondoka.

Labo ya pili, upande wa Ibanda, ina mashine. Damu ilitolewa mshipani asubuhi, ikaingia kwenye tyubu kavu ya kifuniko chekundu. Asubuhi ni vizuri, maana TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Ukirudia kipimo, rudia saa zilezile na labo ileile. Anayemeza vidonge vya tiroidi atoe damu kwanza, ameze baadaye. Ila hawakuniuliza kama natumia biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine biotini nyingi huishusha TSH na kuipandisha T4 kwa uongo, kwa hiyo iache angalau siku mbili kabla ya kupima. Nyota moja nimeikata hapo.

Karatasi yao ilisomeka hivi: TSH 9,4 mUI/L (kawaida 0,27–4,20), T4 huru 13,1 pmol/L (kawaida 12–22), anti-TPO (kingamwili zinazoishambulia tezi) juu. Maana yake tezi bado inatoa homoni ya kutosha, lakini inasukumwa kwa nguvu, na kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia. Kwa mtu asiye na mimba, hali hii hurudiwa kupimwa baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza dawa ya maisha, kwa sababu TSH za hapo katikati mara nyingi hushuka zenyewe. Ikipita 10, au T4 ikiwa chini, mazungumzo ni mengine. Angalia pia kizio: labo nyingine huandika T4 kwa ng/dL, na 0,9 ya huko ni karibu 11,6 pmol/L. Nimeona watu wakilinganisha karatasi mbili za vizio tofauti na kuamini tezi imekufa.

Kwa sindano hiyohiyo omba hesabu kamili ya damu na sukari. Uchovu, choo kigumu, nywele kukatika, hedhi nyingi na kusikia baridi si mali ya tiroidi peke yake. Upungufu wa damu nao huleta uchovu, nywele kukatika na kusikia baridi. (Na kusikia baridi usiku Bukavu mwezi wa saba si ugonjwa.) Sauti kuwa nzito, uso kuvimba na mapigo ya moyo kwenda taratibu ndizo dalili zinazonifanya niishuku tezi zaidi.

Kuna mtu mmoja ambaye TSH peke yake itamdanganya: mama aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakosekana na hedhi isirudi. Kwake tatizo linaweza kuwa kwenye tezi ya ubongoni inayotuma TSH. TSH itaonekana nzuri kabisa huku T4 iko chini. Huyo apimwe na kortisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) pia kabla ya kupewa vidonge vya tiroidi, maana kortisoli ikiwa chini vidonge hivyo vinaweza kumwangusha.

Sasa hizo dawa za asili. Chupa niliyouziwa imeandikwa mwani wa baharini na ayodini (madini ambayo tezi hutengenezea homoni), bila kusema ni mikrogramu ngapi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Tone moja la Lugol, dawa ya maji ya ayodini, ya asilimia 5 lina takriban miligramu 6, yaani mara 40 ya mahitaji ya siku. Tezi iliyoshambuliwa na kinga ikimwagiwa kiasi hicho inaweza kufunga kazi zaidi. Seleniamu, madini mengine, nayo si ya kuchezea: utafiti uliochapishwa mwaka 1991, uliofanyika kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, ulionyesha kwamba kuwapa seleniamu watu wenye upungufu wa ayodini kunaweza kuwazidishia tatizo.

Msaada wa asili wenye maana kwetu uko jikoni. Kisiwa cha Idjwi, hapo Ziwa Kivu, kimechunguzwa tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Ayodini ilikuwa chache kisiwa kizima, lakini goita zilijaa zaidi kaskazini, ndipo watafiti wakaugeukia muhogo: sumu yake ikivunjwa mwilini huacha tiosianati, inayoizuia ayodini kuingia kwenye tezi. Basi muhogo mchungu uloweke siku tatu hadi ulainike, ndipo uanikwe. Unga usiouamini, ulowanishe kwa maji, utandaze usizidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au 5 kivulini, kisha songa fufu siku hiyohiyo. Sombe, yaani majani ya muhogo, iive sawasawa. Sambaza, dagaa wa ziwani, ni chakula kizuri lakini ni samaki wa maji baridi. Kwa ayodini tomsoni, samaki wa baharini, inamshinda. Chumvi yenye miligramu 30 za ayodini kwa kilo hukupa mikrogramu 150 kwa gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Inunue kwenye pakiti iliyofungwa, itunze kwenye kopo lenye kifuniko, itie chakula kikikaribia kuiva. Hayo hayatibu tezi inayoshambuliwa na kinga, ila yanaondoa sababu ya pili, upungufu wa ayodini.

Ukiandikiwa levotiroksini, kidonge cha homoni ya tezi, soma kizio kwenye boksi: 0,1 mg ni mikrogramu 100. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Dawa ya kuongeza damu, kalsiamu na dawa ya kiungulia vikae mbali kwa saa 4. Hapa ndipo wajawazito wengi hukosea: kidonge cha madini ya chuma cha kliniki na cha tiroidi vinamezwa pamoja, TSH inapanda, dozi inaongezwa bure. Vidonge vikikosekana farmasi siku mbili tatu, usihangaike, dawa hukaa mwilini muda mrefu; wiki kadhaa ndizo zinazoumiza. Ukibadilishiwa chapa au dozi, pima TSH tena baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla. Na mwanamke anayetumia vidonge hivi akigundua ana mimba, aende kwa daktari wiki hiyohiyo, maana dozi huhitaji kuongezwa mapema.