Salvador: ulale Pelourinho au Barra?

Pelourinho ni mji mkongwe wa Salvador, jiji la pwani ya Brazili, juu ya genge: nyumba za rangi, makanisa, ngoma, barabara za mawe zinazoteleza mvua ikinyesha. Jina lenyewe ni la nguzo waliyofungiwa watumwa wakachapwa viboko; ukilijua hilo, hupiti pale kwa haraka. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1985.

Barra ni ufukweni. Kuna mnara wa taa, maji matulivu ya Porto da Barra, na jua huzama baharini, jambo adimu kwa pwani inayotazama mashariki.

Acarajé, yaani bagia za kunde zilizokaangwa kwa mawese, utazipata kote. Mimi ningelala Barra, niogelee alfajiri, kisha nishinde Pelourinho.