Kihisi cha mtikisiko kisicho na waya: kwenye kioo kinafaa, kwenye mlango wa chuma kina masharti

Kifaa tunachokipima hapa ni kile kiboksi cheupe cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, ambacho mafundi wa Kampala hukiita sensa tu. Kinauzwa peke yake au pamoja na paneli ya kuwekwa laini ya simu, yaani kisanduku kinachopokea ishara ya kihisi na kupiga kengele, na mara nyingi boksi lake halina jina la maana. Usikidharau kwa hilo. Kwa nyumba nyingi za Uganda kina faida ambayo kile cha sumaku hakina. Cha sumaku hulia dirisha likishafunguliwa, na dirisha lenye vyuma mwizi halifungui: huvunja kioo, akaingiza msumeno au jeki ya gari, akashughulikia vyuma huku sumaku imetulia mahali pake. Cha mtikisiko hulia pigo la kwanza, mtu akiwa bado nje.

Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo nyuma ya kifaa. Tafuta 433 au 433.92 MHz, namba ya mawimbi ya redio kinayotumia, na paneli iwe ya namba hiyohiyo. Vipo vya 868 vilivyotengenezewa Ulaya na vya 315 vya Marekani. Vinafanana kabisa kwa sura, na havitasikilizana na paneli yako hata uvikaribishe vipi. Vya Wi-Fi na vya Zigbee, aina nyingine ya mawasiliano yasiyo na waya, tunaviacha kando: cha kwanza hutegemea ruta, ambayo huzima pamoja na umeme, na cha pili kinadai kituo chake maalumu.

Vingi vya bei nafuu hutumia chipu ya EV1527 au ya jamii yake. Hiyo hubeba namba ya biti 20, yaani zaidi ya namba milioni moja zinazowezekana, kwa hiyo jirani mwenye kifaa kama chako si rahisi kuamsha paneli yako. Lakini namba hiyo haibadiliki kamwe, na mtu mwenye kipokezi anaweza kuinasa na kuirudia. Kwa kihisi hilo si tatizo kubwa, kwani atakachoweza ni kukiliza king'ora chako tu. Tatizo ni rimoti ya kuzimia kengele iliyokuja kwenye boksi hilohilo, maana nayo mara nyingi ni ya aina hiyo. Zima kwa namba ya siri kwenye paneli au kwa simu, rimoti ibaki kabatini.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi na muuzaji hatakwambia: vihisi hivi husema tu, havijibu. Betri ikifa au mtu akikibandua na kwenda nacho, paneli haijui, itaendelea kuonyesha kwamba kila kitu ni salama. Gonga kila kihisi mara moja kwa mwezi uone kama paneli inaitika. Bila mazoea hayo, usinunue.

Kufunga kwenyewe huanzia mezani, si dirishani. Weka betri, bonyeza kitufe cha kujifunza kwenye paneli hadi ilie, kisha gonga kihisi kabla muda haujaisha. Kikishaitika, andika namba ya eneo nyuma yake kwa kalamu ya wino mzito: 1 sebule, 2 jikoni, na kuendelea. Ukishabandika vihisi sita vinavyofanana bila alama, siku ya hitilafu utabandua vyote. Halafu shika kihisi kwa mkono mahali kitakapokaa, funga milango yote, ugonge mara kumi. Paneli iitike zote kumi. Boksi huahidi mita 80 au 100, lakini hizo ni za uwanjani. Kuta za matofali na milango ya chuma hula sehemu kubwa. Paneli ikikosa hata mara mbili, isogeze katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kifua, mbali na friji na kabati la chuma. Kama antena yake ni waya, uache umenyooka. Urefu wake wa sentimita 17 hivi ndio unaolingana na mawimbi ya 433, kwa hiyo fundi anayeukunja ndani ya boksi ili upendeze amekupunguzia masafa.

Gundi ndiyo inayoangusha kazi nyingi. Ule utepe mweupe wa sponji unaokuja na kifaa hulegea kwenye kioo kinachopigwa na jua la alasiri. Tafuta utepe wa povu la akriliki, kama 3M VHB. Osha kioo kwa maji na sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti, usikiguse tena kwa vidole. Bandika, kandamiza kwa nguvu nusu dakika. Gundi ya namna hii hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi, kwa hiyo usijaribu kukivuta jioni ileile uone kama kimeshika. Kwenye rangi ya mafuta iliyopakwa wiki hii usibandike chochote. Kitashuka na rangi yenyewe.

Mahali pa kukiweka ni kwenye kona ya kioo, upande wa ndani, sentimita 5 hivi kutoka kwenye fremu. Hapo kinasikia kioo chote na pazia linakificha. Ila angalia kwanza puti inayoshika kioo. Kwenye madirisha ya chuma ya zamani hukauka, ikapasuka na kudondoka, na kioo kikabaki kikicheza. Kioo cha namna hiyo hulia kila lori likipita, na watu hulaumu kihisi. Puti mpya ndiyo dawa. Madirisha ya alumini ya kuteleza yana ugonjwa wa aina hiyo: brashi ya pembeni ikiisha, upepo unagonganisha vioo viwili. Vioo vya luva ni habari nyingine, maana kila kipande kimesimama peke yake; ukibandika kwenye kimoja, mwizi anachomoa vingine kimyakimya. Hapo funga kwenye vyuma vya dirishani. Chuma hupeleka mtikisiko vizuri mno, na msumeno ukianza upande mmoja kihisi cha upande wa pili kinajua.

Lakini chuma hichohicho ndicho adui wa redio, na hapa ndipo kifaa kinapoanza kuyumba. Ukikibandika bapa juu ya mlango wa chuma, antena yake ndogo ya ndani inavurugika na masafa yanashuka vibaya. Kiinue kwa kipande cha plastiki ngumu au ubao mkavu cha sentimita 1 hadi 2, kilichofungwa kwa skrubu au gundi pande zote mbili. Sponji isitumike, maana itameza mtikisiko. Kikae upande wa kitasa, ndani, karibu na komeo, kwa sababu mateke na mtaimbo huelekezwa hapo. Upande wa bawaba hausaidii, na ukutani ni kazi bure. Kama milango yako yote ni ya chuma na paneli iko vyumba vitatu mbali, tungependekeza sumaku kwa milango na mtikisiko kwa madirisha tu.

Sasa wepesi wa kuhisi, ambao ndio huamua kama kifaa kitadumu mwezi au kitazimwa wiki ya pili. Hurekebishwa kwa skrubu ndogo ndani, au kwa kuhamisha kiunganishi cha pini. Anza chini kabisa. Piga kona ya mbali ya kioo kwa upande laini wa ngumi: kilie. Gonga kidogo kwa kidole: kinyamaze. Funga mlango wa jirani kwa kishindo: kinyamaze. Ongeza hatua moja moja hadi masharti yote matatu yatimie, kisha subiri mvua. Mvua ya kweli ya mwezi wa nne juu ya mabati, na radi za ukanda wa Ziwa Victoria zinazotetemesha vioo, ndiyo mtihani usioweza kuuigiza. Wiki mbili za kwanza king'ora kiwe kimya, ujumbe tu uje kwenye simu. Kifaa chenye kuhesabu mapigo kina faida hapa: kiweke kisubiri mawili au matatu kwa dirisha la barabarani, mradi pigo moja zito bado likiamshe. Vingi vya bei ya chini havitofautishi, na vikihesabu vinahesabu vyote.

Kuhusu betri, soma kabla ya kununua akiba. Vingi hutumia 23A ya volti 12, ndogo na haba. Ikishuka chini ya volti 10 kwenye mita, itoe. Vingine hutumia CR2032, betri bapa kama sarafu, ambayo isikae mikononi mwa mtoto, kwani ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Hakikisha kifuniko kinafungwa kwa skrubu. Na fungua mara moja moja utazame sisimizi. Hupenda viboksi vyenye joto.

Paneli ina mambo yake mawili. Ondoa namba ya siri ya laini kwa kuitia kwenye simu kwanza, la sivyo paneli haitaisoma. Na zima ujumbe wa kukatika kwa umeme, maana utamaliza salio, na siku ya mwizi paneli itakuwa haina hata shilingi ya kupiga. Namba ya kwanza iwe ya jirani anayeweza kufika kwa miguu, ya pili mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Polisi, 999, utawapigia mwenyewe.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, zile nyumba zinazoitwa mizigo, paneli haina haja. Kuna aina yenye king'ora chake ndani, hudai desibeli 120, hubandikwa na kuwashwa kwa swichi. Majirani mnaopakana ukuta ndio paneli yenu.

Kuna wizi mmoja ambao hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachougundua: dirisha limeachwa wazi kwa joto, mtu anapitisha mti mrefu wenye ndoano kati ya vyuma na kuvua simu na suruali mezani. Kioo hakikuguswa, chuma hakikutikisika. Hapo wavu wa chuma wenye matundu madogo unafanya kazi ambayo kihisi hakiwezi.