Tofali la makumbi la kilo 5: pima chumvi kabla hujajaza trei

Maduka ya pembejeo ya Kariakoo huliita kokopiti. Kwa mtu wa pwani ni vumbi la makumbi tu, lile linalobaki usumba ukishachambuliwa, likakaushwa na kushindiliwa kuwa tofali. Kwa mwenye kitalu anayeuza miche ya nyanya na hoho kwa maelfu, tofali lililooshwa vizuri linaushinda udongo wa msituni kwa mbali: halina minyoo fundo, halileti bakteria wa mnyauko, na mche unachomoka na donge lake zima. Lisilooshwa ni hasara tupu. Tatizo ni kwamba yakiwa rafuni yote mawili yana rangi ileile, uzito uleule na karatasi ileile ya nailoni.

Chumvi inatoka wapi? Mnazi hupenda ufukwe na hunywa maji yenye chumvi. Juu ya hapo, sehemu nyingi makumbi hulowekwa kwenye maji ya bahari au hufukiwa kwenye matope yanayojaa na kupwa ili usumba ulegee. Vumbi hunywa sodiamu na potasiamu na kuzishika. Sehemu ya chumvi hiyo inaelea tu, maji ya kawaida huiondoa. Sehemu nyingine imeng'ang'ania kwenye vumbi lenyewe na haitoki mpaka isukumwe na kalsiamu. Usipoisukuma wewe mapema, mbolea yako ndiyo itakayoisukuma: vumbi linajichukulia kalsiamu na magnesiamu, mche unabaki na sodiamu. Utaona ncha za majani zimeungua, majani machanga yamejikunja, na ya chini yana manjano katikati ya mishipa. Wengi hapo huongeza mbolea, na mbolea nayo ni chumvi.

Kwa hiyo mita ya EC, yaani ile inayopima chumvi ya maji kwa jinsi yanavyopitisha umeme, ndiyo chombo cha kwanza kununua, hata kabla ya trei. Isawazishe kwanza kwa kimiminika chake cha 1.41. Chukua kikombe kimoja cha vumbi lililoloweshwa na kukamuliwa kidogo, ongeza kikombe kimoja na nusu cha maji ya mvua, koroga, acha nusu saa, chuja kwa kitambaa, pima. Chini ya 0.5 milisimensi kwa sentimita, tumia bila wasiwasi. Kati ya 0.5 na 1, osha. Ikizidi 1, osha kisha tibu kwa kalsiamu. Ikipita 2, usiliweke kwenye trei kabisa, liwe la vyungu vya maua.

Asiye na mita aoteshe maharage kumi kwenye vumbi hilo na kumi kwenye mchanga safi. Maharage hayavumilii chumvi, yatasema ukweli ndani ya wiki. Usijaribie mchicha, kwani mchicha unastahimili chumvi na utakuonyesha kuwa kila kitu ni kizuri. Saladi nayo haifai kwa joto la Dar: mbegu yake hugoma kuota kukiwa na joto kali, ukadhani kosa ni la vumbi.

Sasa kipimo cha ujazo, maana hapa ndipo mnunuzi hupunjwa. Weka tofali kwenye karai, mimina lita 20 hadi 25 za maji kidogo kidogo. Pembe huanza kumomonyoka ndani ya dakika chache, lakini moyo wa tofali hubaki mkavu na mgumu kama ubao, kwa hiyo vunjavunja kwa mkono na usubiri mpaka kusiwe na bonge hata moja. Likishafura lote, lipime kwa ndoo ya lita 20. Tofali zuri linajaza ndoo tatu na nusu, yaani lita 70. Likiishia ndoo tatu, aidha lilikuwa na unyevu tangu dukani, ukauziwa maji kwa bei ya makumbi, au ndani kuna mchanga. Linganisha maduka kwa bei ya lita baada ya kufura, si kwa bei ya tofali. Kamua pia ngumi moja: linalotoa matone machache na kubaki bonge linaloachia ukiligusa ndilo zuri. Likigeuka tope, vumbi ni laini mno na mizizi itakosa hewa. Nyuzi ndefu nazo ni kero, huziba matundu na hung'oa mche wa jirani unapochomoa.

Kuosha kunahitaji maji matamu, na hapa wakulima wa Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach wawe waangalifu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi hakuna maana. Pima maji kwanza. Weka vumbi kwenye gunia, juu ya mbao ili litiririshe, mwagia maji mpaka yanayotoka chini yakaribiane kipimo na yale unayomwagia. Kisha yeyusha gramu 100 za mbolea ya kalsiamu naitreti kwenye lita 20 za maji kwa tofali moja, changanya na vumbi, acha usiku mzima, tiririsha, suuza mara moja. Nyeupe inayotanda juu vumbi likikauka ni dalili kwamba hujamaliza.

Tofali moja hujaza trei 20 hivi za matundu 128, sawa na miche kama 2,500. Matundu 128 yanafaa nyanya na hoho. Kabichi na chainizi zinatosha kwenye 200. Jaza, gongesha trei mezani mara moja, usishindilie.

Kinachoua miche mingi zaidi kwenye makumbi, baada ya chumvi, ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina, na chanzo chake ni macho. Uso wa vumbi hukauka na kubadilika rangi upesi huku chini kumeloa, mwagiliaji anaona ukavu, anamwagia tena, shina linaoza usawa wa vumbi na mche unalala. Nyanyua trei. Uzito wake utakuambia lini umwagilie. Mfundishe hivyo kijana wa kitalu siku ya kwanza.

Makumbi hayana chakula cha kumtosha mche. Jani la kweli la kwanza likitokea, anza na mbolea ya NPK 19:19:19, yenye naitrojeni, fosfeti na potashi kwa uwiano sawa, nusu gramu kwa lita, kisha ongeza hadi gramu moja. Siku nyingine toa kalsiamu naitreti kwa kiwango hichohicho. Usiziyeyushe pamoja kwenye ndoo moja ya mbolea nzito, kwani kalsiamu na fosfeti hugandana, zikazama chini na kuziba vinyunyizio.

Vumbi la magunia linalotoka Mkuranga na kwingine pwani ni rahisi zaidi, ila kila gunia lina chumvi yake, na mara nyingi lina mbegu za magugu. Kwa bogenvilia linafaa, mmea huo haujali chumvi sana. Ukitaka kulitumia kwenye trei, litandaze lipigwe na masika ya Machi hadi Mei, kisha lipime upya.

Nunua tofali moja kwanza, lipime, ndipo uchukue mengine ya shehena ileile. Yahifadhi juu ya chaga, mbali na sakafu na dirisha. Shehena mpya ikija, hata karatasi yake iwe ileile, anza upya na mita.