Dawa ya viluilui vya mbu ya Kibaha nimeipiga kwenye boma la ng'ombe Kayenze, maoni yangu baada ya miezi mitatu

Wakuu habari, naandika hii kwa wafugaji wenzangu wa huku ziwani. Nyumbani Kayenze kila kitanda kina chandarua, dawa ukoko, ile ya kwenye kuta za ndani, tulishapuliziwa miaka ya nyuma, na bado watoto malaria ilikuwa haiwatoki. Shida ni kwamba saa moja mpaka saa nne usiku hakuna aliyelala, ng'ombe wamerudi, mtu anakamua, mama yuko kwenye mafiga nje, watoto wako mkekani, na mbu ndo muda wake huo. Yule mbu wa malaria anayeitwa Anopheles arabiensis anang'ata sana nje na damu ya ng'ombe anakunywa kama ya mtu tu, akishiba mara nyingi anapumzika hukohuko nje, sasa chandarua anakutana nacho saa ngapi?

Nilichonunua ni Bactivec, inatengenezwa Kibaha kwenye kile kiwanda cha teknolojia ya Cuba. Haipulizwi hewani, ni bakteria unawaweka kwenye maji, kiluilui akiwala utumbo unaharibika anakufa. Samaki, ng'ombe na nyuki haiwadhuru. Mama hakuamini kabisa, akasema "mwanangu, ng'ombe wa baba yako wakifa utamwambia nini?", ikabidi nianze na vidimbwi vya pembeni, birika la kunyweshea nikaliacha mpaka aliporidhika mwenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye kwato. Pale ng'ombe wanapokanyaga tope kuzunguka birika na njia ya kushukia lambo, kila shimo la kwato likijaa maji ya mvua na jua likalipiga ni kiota cha mbu, mi nilichota na bakuli jeupe nikakuta viluilui vimelala sambamba na uso wa maji, hao ndo wa malaria, wale wanaoning'inia kichwa chini ni wale mbu wengine wa maji machafu. Nikapiga na bomba la mgongoni asubuhi, kesho yake jioni nikachota tena, vingi vimekufa. Vilivyobaki ni vile vilivyojikunja kama alama ya mkato, hivyo havili tena kwa hiyo dawa haivipati, usije ukadhani umeuziwa feki.

Ila lazima urudie kila wiki, hasa masika, maana dawa haikai sana kwenye maji na yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuchukua siku saba hadi kumi na nne tu. Ukiruka wiki mbili umerudi mwanzo. Kwenye lile tope la mavi ya ng'ombe natumia Griselesf, nayo ya Kibaha, bakteria wake wanavumilia zaidi maji machafu. Kwenye lambo lenyewe nimeweka vifaranga vya sato, wanakula viluilui, ila pembeni kwenye majani mengi hawafiki, huko lazima ufyeke kwanza.

Chupa ya kwanza iliniuma sana. Duka moja la pembejeo mjini walikuwa wameipanga dirishani inapigwa jua, mi sikuangalia hata tarehe, nimepiga boma zima na viluilui vinaogelea kama kawaida. Nunua iliyokaa kivulini, soma tarehe, na kipimo fuata kile cha kwenye chupa.

Mbu jioni wamepungua, hilo nalisema bila kuficha, watoto wanamaliza kula bila kujipigapiga miguu. Hawajaisha, kwa sababu majaruba ya mpunga ya jirani yapo hatua chache tu na mbu hajui mpaka wa shamba. Nyota nne.

Jirani mwenyewe amekuja juzi kuangalia bakuli langu, ametoa nusu ya hela ya chupa inayofuata. Jumamosi asubuhi tunaanza na kwake.