TV tatu, king'amuzi kimoja: ununue nini na uanze na kipi

Je, kila TV ya nyumbani inahitaji king'amuzi chake? Nianze na jibu maana najua wengi mnalitafuta hilo kwanza. Sio kila TV inahitaji king'amuzi, ila kila TV inayotaka kuonyesha chaneli yake yenyewe inahitaji tyuna yake yenyewe. Tyuna ndo inayoshika chaneli, na king'amuzi cha kawaida kinatoa picha ya chaneli moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata ukivuta waya kutoka kwenye boksi moja ukazilisha TV nne, baba akiweka taarifa ya habari sebuleni basi na watoto chumbani wanaangalia taarifa ya habari, hakuna namna. Enzi za analogi haikuwa hivyo kwa sababu tyuna ilikuwa ndani ya kila TV, unagawa waya wa antena mambo yanaisha. Ndo maana digitali ilipokuja watu waliona wameongezewa mzigo, na ni kweli mzigo upo, lakini wengi wananunua maboksi ambayo hawayahitaji kabisa. Huu hapa mpangilio wangu, kuanzia unapotakiwa kuanzia.

Namba moja: tyuna iliyo ndani ya TV yako mwenyewe. Hii ni bure na watu wanaipita kila siku. Geuza TV uangalie matundu ya nyuma. Tundu la antena mara nyingi limeandikwa ANT IN na kwa TV nyingi ni laini, halina nyuzi, na kama kuna jingine lenye nyuzi za kukazia limeandikwa LNB IN 13/18V (LNB ni kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) basi TV yako ina tyuna ya dishi pia. Alafu ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli, ukikuta inakuuliza DTV (digitali) au ATV (analogi) ujue digitali ipo. Sasa hapa kuwa makini, DVB-T na DVB-T2, yaani viwango vya matangazo ya digitali ya antena, sio kitu kimoja, TV yenye DVB-T peke yake haishiki matangazo ya T2 hata ufanyeje, ila yenye T2 inashika zote mbili. Na kama TV imetoka nchi nyingine ndo kabisa usiamini, Marekani na Canada wanatumia ATSC, Japani na Brazil wanatumia ISDB-T, Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika ni DVB, inaweza kuwa TV nzuri sana lakini tyuna yake haielewi mawimbi ya unapoishi.

TV ikifaulu hapo, kwa chaneli za bure huhitaji boksi. Unahitaji antena na spilita ya waya tu. Ila kila ukigawa waya njia mbili mawimbi yanapungua kama desibeli 3.5 hivi, zaidi ya nusu, na digitali haina ile picha ya chenga ya zamani, mawimbi yakishuka sana picha inagandaganda na sauti inakatika. Kama unapata mawimbi hafifu tafuta antena nzuri kwanza kabla ya kuongeza TV ya tatu.

Namba mbili: king'amuzi kidogo cha chaneli za bure, kisichotumia kadi. Hiki ndo cha kuweka kwenye ile TV ya chumbani au ya jikoni isiyo na tyuna ya digitali. Usichukue cha kwanza unachokiona. Angalia kiwe T2, kiwe kinasoma H.265 (namna ya kubana picha ili isafirishwe) maana kinachosoma H.265 na ile ya zamani zaidi, H.264, kinasoma matangazo ya karibu nchi zote za T2, na angalia matundu yake yaendane na TV yako. Hili la matundu linawaumiza wengi sana, TV ya kichogo haina HDMI, inataka zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, na zile za zamani zaidi zina tundu la antena peke yake, kwa hiyo boksi lazima liwe na RF OUT, tundu la kutoa picha kwa waya wa antena, na boksi za siku hizi nyingi hazina.

Namba tatu ni kwa wanaolipia kifurushi na TV zao zina nafasi ya CI, yaani tundu la kuchomeka moduli ya kadi. Kuna moduli inaitwa CAM, unachomeka kadi ndani yake, yenyewe unaichomeka ubavuni mwa TV, boksi halipo na rimoti ni moja. Mimi naipenda sana hii, shida ni kwamba sio kila kampuni inaitoa, kwa hiyo waulize kwanza.

Namba nne: programu ya kampuni yako kwenye smart TV. Nzuri kama una intaneti isiyo na kikomo. Kama unanunua bando fikiria mara mbili, picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, na kampuni nyingi zinaweka kikomo cha vifaa vinavyoangalia kwa wakati mmoja.

Namba tano: boksi la pili la kampuni hiyo hiyo. Linafanya kazi vizuri, sitaki kudanganya, kila TV inakuwa na chaneli zake zote za kulipia, ila nimeliweka chini kwa sababu mara nyingi unalipia kila mwezi. Na kama ni la dishi, usigawe waya mmoja kwa spilita ya kawaida! King'amuzi kinatuma volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB kuchagua upande wa mawimbi, sasa kimoja kikitaka 13 na kingine kinataka 18 mmoja wenu atapoteza chaneli. Nunua LNB ya njia mbili au nne, kila boksi na waya wake. La mtumba usilipe kabla kampuni haijathibitisha kwamba kadi na boksi vinakubaliana, mara nyingi vimefungwa pamoja.

Ya mwisho ni spilita ya HDMI, inayogawa picha ya boksi moja kwa TV mbili. Inafaa kama mnakubali kuangalia kitu kimoja, labda sebuleni na barazani siku ya mpira. TV moja ikiwa ya kiwango cha chini, spilita nyingi za bei rahisi zinashusha picha ya zote mbili, na ukiwa chumba kingine rimoti haipiti ukuta. Waya wa kawaida wa HDMI ukizidi mita 10 au 15 nao unaanza matatizo.

Kabla ya kwenda dukani piga picha nyuma ya kila TV, matundu yote yaonekane, na umuonyeshe muuzaji. Omba awashe boksi mbele yako, litafute chaneli mpaka mwisho, ndo utoe hela.